Baridi ya kugandisha pumzi na bado tunasema "afadhali kazi ipo"

Ukikutana na mbeba boksi yeyote, yaani sisi tuliokuja kuhangaikia kazi ughaibuni, huku Minnesota, Marekani, mwezi wa kwanza, iwe kanisani, iwe msibani, iwe kwenye foleni ya kutuma pesa nyumbani, salamu zinaenda hivi hivi tu: vipi baridi, baridi si unaiona mwenyewe, na kazi je, aah tunashukuru, afadhali kazi ipo. Basi, mnahamia kwenye mengine. Hiyo "afadhali kazi ipo" nimeisema sijui mara ngapi, inatoka yenyewe kama mtu anavyosema pole akimuona mwenzake amejikwaa. Ila kuna siku moja niliisema halafu nikajisikia, na tangu hapo kila nikiisikia naigeuzageuza kama muuza duka aliyepewa noti ya elfu kumi anayoitilia mashaka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe 30 Januari 2019. Waliokuwepo huku wanaikumbuka. Ile hewa ya baridi ambayo kawaida inazunguka kule juu kabisa ncha ya Kaskazini ililegea ikamwagika mpaka kwetu, asubuhi kipimo cha uwanja wa ndege wa jiji letu la Minneapolis kikasoma 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, ambayo kwa vipimo tulivyosomea sisi ni nyuzi 33 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani, ile unayogandishia samaki, inakaa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Kwahiyo siku ile mtu angeingia ndani ya friza angekuwa ameenda kuota moto. Na hapo sijaweka upepo. Ukiweka upepo mwili ulikuwa unahisi kama ni zaidi ya 45 chini ya sifuri, watu wa hali ya hewa wakawa wanatangaza kwamba ngozi ikiachwa wazi inaanza kuganda ndani ya dakika kumi, tena pungufu.

Najua kwa mtu wa Dar ambaye mwezi wa saba akisikia nyuzi 19 anatafuta sweta hizi namba hazisemi kitu, ngoja niseme kinachotokea. Unafungua mlango, pumzi ya kwanza tu vinyweleo vya puani vinagandamana, unavisikia kabisa vikishikana. Pumzi ya pili unakohoa. Theluji ya baridi ile wala haitelezi, inalia, kila hatua krii, krii, kama mtu anaminya mfuko wa unga wa muhogo. Kope zinaanza kushikana ukipepesa. Tairi za gari zimelala usiku kucha zikaganda pale zilipogusa chini zikawa bapa upande mmoja, mwendo wa kwanza gari linadundadunda kama mkokoteni. Kama limewaka lakini. Betri kwenye baridi ya namna hiyo inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake na oili inakuwa nzito kama asali, so asubuhi ile parking yetu nzima ilikuwa na sauti moja tu, nyee nyee nyee nyee, halafu kimya, halafu mtu anatukana kwa lugha ya kwao. Langu lilikataa mara tatu. Akaja jirani yetu Msomali na waya zake akanibusti betri bila kusema neno hata moja, na mimi nikanyanyua tu mkono maana mdomo ulikuwa umefunikwa na skafu mbili.

Sasa rudi nyuma kidogo. Saa 10 alfajiri ya siku hiyo simu yangu iliingia meseji mbili kutoka kazini. Jina la kampuni silitaji, ilikuwa ndogo tu na bosi wake hakuwa mtu mbaya. Ya kwanza ilienda kwa wafanyakazi wote: kutokana na hali ya hewa ofisi imefungwa leo, kaeni nyumbani, muwe salama. Nikamshukuru Mungu nikavuta blanketi. Dakika mbili baadaye ikaja ya pili, hii ni ya sisi wa majumbani: nyumba zote zinaendelea na kazi kama kawaida, tafadhali toka mapema ili ufike salama. Yaani neno salama limo kwenye meseji zote mbili, na maana zake zimepishana kama mbingu na ardhi.

Kwa wasiojua, kazi ya watu wetu wengi huku ni hizi za gruphomu. Ni nyumba ya kawaida tu mtaani, wanaishi watu wanne hivi wenye ulemavu au wazee wasiojiweza, na saa zote 24 lazima awepo mhudumu wa kuwapa dawa, kuwaosha, kuwapikia, kuwageuza kitandani. Shifti yako ikiisha na mwenzako hajafika huondoki. Hilo halina mjadala, jimbo lina sheria ya kulinda watu wazima wasiojiweza na ukimwacha mtu peke yake hiyo inahesabika kumtelekeza, unaweza ukafungiwa kabisa kazi za aina hiyo. Kwahiyo siku ya dhoruba usalama wako unategemea gari la mtu mwingine litawaka au halitawaka.

Nilifika nimechelewa dakika 50. Dada mmoja Mkenya, Mkisii, ambaye ndo nilikuwa nampokea, nilimkuta amesimama dirishani na koti ameshavaa, zipu mpaka kidevuni, mkoba begani, glavu mkononi. Sijui alisimama hivyo kwa muda gani. Nikaanza kujitetea, akanikata: "Wacha ndugu yangu, umefika, hiyo inatosha. Bora kazi iko." Na mimi nikaitikia, "Kweli dada, afadhali kazi ipo." Hapo ndo nikajisikia. Maana yule dada alikuwa ameingia tangu saa 9 alasiri ya jana yake, wa usiku hakutokea, ni masaa karibu 17 yuko juu ya miguu, macho mekundu, bado ana safari ya nusu saa kwenye barabara ya barafu. Na sisi wawili tumesimama pale mlangoni tunashukuru. Tunamshukuru nani? Na kwa lipi hasa?

Nisieleweke vibaya. Sipo hapa kuicheka shukrani, ningekuwa mnafiki.

Winta yangu ya kwanza huku sikuwa na kazi, nilikuwa nasubiri kibali, nalala kwenye kochi la mshikaji. Mwezi wa 12 Minneapolis mchana haufiki masaa tisa, jua linazama saa 10 na nusu jioni, na kama huna pa kwenda unaweza ukamaliza siku nne hujaliona kabisa. Mshikaji anatoka gizani anarudi gizani, mimi nipo pale pale na blanketi lile lile. Ukifika usiku naogopa kuongeza hita maana bili siyo yangu. Jimbo lina utaratibu wa kulinda watu wasikatiwe joto kati ya Oktoba mosi na mwisho wa Aprili, kitu kizuri sana na kimeokoa roho za watu, ila ukitaka ulinzi huo unatakiwa ukubaliane na kampuni namna ya kulipa kidogo kidogo, na kidogo kidogo nayo inatoka kwenye mfuko wenye kitu. Deni linakusubiri tu mpaka majani yaote. Kwahiyo nilipopata kazi mwezi wa tatu, hata kabla ya mshahara wa kwanza, kile kitendo tu cha kuamka saa 11 alfajiri kwa sababu kuna mtu ananingoja kilinitoa kwenye shimo. Hiyo shukrani ni ya kweli na mtu asinidanganye kwamba ni ujinga.

Halafu kuna tulikotoka. Juni 2014 pale Dar idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, watu waliokuja kwenye usaili walizidi elfu kumi mpaka ikabidi ufanyike Uwanja wa Taifa, vijana na digrii zao wamekaa kwenye viti vya mashabiki wa mpira. Mwaka 2025 mamlaka ya mapato TRA ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakapita 135,000. Mtu aliyetoka kwenye hesabu kama hizo ukimwambia habari ya baridi anakuangalia tu. Kuna kaka mmoja wa Bukavu tulikuwa naye kazini, yeye alikuwa anasema kwa Kiswahili chao, "Baridi iko kali, lakini kukosa kazi njo mubaya kabisa," na akishasema hivyo anavaa kofia yake anatoka nje kuchota theluji na beleshi anaimba. Mama yangu mimi ndo kabisa. Nilimtumia video ya maji ya moto ninayarusha hewani yanageuka mvuke kabla hayajagusa chini, akaitazama, akajibu: Mungu akulinde mwanangu, na ile ya ada umeituma?

Sasa hapo ndipo penye tatizo langu. Hii shukrani tumekuja nayo kwenye begi kutoka mahali ambapo kazi ni nafasi moja na watu mia, tukaifungulia mahali ambapo, kwa hizi kazi zetu, hesabu imegeuka. Gruphomu na nyumba za wazee huku kila siku zinatafuta watu, matangazo hayaishi, ukiaga asubuhi mchana umeshapata kwingine. Anayetakiwa kuwa na wasiwasi siku ya nyuzi 33 chini ya sifuri ni yule mwenye nyumba nne za wagonjwa na hajui nani atafika. Lakini aliyekuwa anatetemeka ni mimi, naendesha kilomita 30 kwa saa nimekumbatia usukani nikiwaza nikichelewa itakuwaje. Yaani siku ambayo bei yangu imepanda kuliko siku zote ndiyo siku niliyokuwa mnyenyekevu kuliko siku zote.

Na sheria inachangia. Sheria ya shirikisho ya mishahara ya hapa Marekani ni ya mwaka 1938 na inagawa wafanyakazi makundi mawili ambayo siku za kawaida huyaoni, mpaka theluji ianguke. Wale wa mshahara kamili wasiolipwa ovataimu, yaani mameneja na watu wengi wa ofisini, kampuni ikifunga ofisi siku mbili tatu kwa sababu ya dhoruba hairuhusiwi kuwakata, mshahara wao uko pale pale. Wa kulipwa kwa saa, kama sisi, hujafanya kazi hulipwi, iwe umekataa mwenyewe, iwe mlango umefungwa na bosi, sheria hiyo haimdai bosi senti. Kwahiyo meseji ile ya kwanza ya saa 10 alfajiri kwa mhasibu ilikuwa likizo, na kama ningeipata mimi peke yake bila ya pili ingekuwa nimekatwa mshahara kwa upole. Ndo maana ya pili ilipoingia, kando ya kukasirika, kuna kasehemu kangu kalifurahi. Nikahesabu haraka haraka, masaa nane, labda na ya wa jioni asipokuja, yakizidi 40 kwa wiki ni mara moja na nusu. Unaona jinsi kitu kilivyotengenezwa? Dhoruba inakuja, aliye juu anapumzika kwa pesa yake, aliye chini anaomba asipumzishwe.

Nenda Minneapolis mjini kati uone hilo limejengwa kwa vioo na chuma. Kuna yale madaraja ya ghorofa ya pili yanayounganisha majengo, la kwanza lilianza 1962, leo yanapita mitaa kama 80 ya katikati ya jiji, zaidi ya kilomita 15. Mtu wa benki anaweza akapaki gari kwenye jengo, akaenda ofisini, akala, akanyoa, akaenda na kwenye mpira bila kuvaa koti. Chini yake hapo hapo, kituoni, yuko dada wa usafi anangoja basi anaruka mguu mmoja mmoja. Sisemi madaraja yabomolewe, na mimi nayapita nikipata nafasi. Nasema tu kwamba hiyo "sote tuko kwenye baridi moja" siyo kweli.

Wiki ile ya 2019 ilikuwa na kingine ambacho watu wamesahau. Siku tano tu kabla, tarehe 25 Januari, ndo serikali ya shirikisho ilikuwa imefunguliwa baada ya kufungwa siku 35 kwa ugomvi wa Trump na Bunge kuhusu ukuta wa mpakani. Wafanyakazi kama laki nane hawakuwa wanalipwa, na zaidi ya nusu yao walitakiwa waje kazini hivyo hivyo, wakaguzi wa viwanja vya ndege, walinzi wa magereza, walinzi wa pwani. Hao kazi ilikuwepo. Kama kazi kuwepo peke yake ni ya kushukuru basi wao wangechinja mbuzi. Baadaye walilipwa malimbikizo yao, lakini wasafishaji na walinzi walioajiriwa na makampuni ya kandarasi kwenye majengo hayo hayo ya serikali, wale wa kulipwa kwa saa, mwezi ule kwao ulipotea moja kwa moja. Mtu yuleyule, ndoo ileile ya maji, tofauti ni jina lililoko juu ya slipu ya mshahara.

Kuna wengine lakini dhoruba ndiyo kazi yenyewe, na hapa inabidi niwe mkweli maana hawa wananiharibia hoja. Namjua Mtanzania mwenzetu mmoja, mtu wa Mbeya, aliyechukua mkopo akanunua pikapu akaifunga lile bamba la mbele la kusukuma theluji. Akapata mikataba ya parking za maduka matatu na kanisa. Hiyo ilikuwa vuli ya 2023. Kama ulikuwepo huku unajua kilichofuata, winta ya 2023 kwenda 2024 ikawa ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa Minnesota, Krismasi inanyesha mvua, maziwa hayagandi vizuri, mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu yanaahirishwa. Sisi tunapost picha tumevaa fulana mwezi wa pili tunacheka. Yeye anaangalia hewani kama mkulima wa Dodoma anayetafuta wingu. Mikataba yake ilikuwa ya kulipwa kila akitoka kusukuma, theluji isipoanguka hatoki. Nilimkuta siku moja kaiosha ile pikapu inang'aa, bamba halina hata mkwaruzo, akaniambia, "Bro, mimi nilidhani huku kitu cha uhakika ni baridi tu." Sikuwa na la kumwambia. Tulicheka lakini siyo cheko.

Kwahiyo hali mbaya ya hewa siyo adui wa kila mtu, hilo nakubali. Ila huyu wa pikapu angalau ikianguka anajua anauza nini na kwa bei gani. Mhudumu wa wazee siku ya dhoruba anauza kitu kikubwa kuliko siku zote kwa bei ya Jumanne ya kawaida. Na wakati mwingine anauza bila kujua. Desemba 2022 mji wa Buffalo, jimbo la New York, ulipigwa na tufani ya theluji iliyoua watu zaidi ya 40 kwenye mji huo na maeneo yanayouzunguka. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa asubuhi ile ile ya Ijumaa tarehe 23, watu kibao wameshaingia kazini. Mmoja wa waliokufa alikuwa binti wa miaka 22, msaidizi wa wauguzi, kazi yetu hii hii, gari lilikwama akitoka kazini anarudi nyumbani, akakaa ndani yake masaa mengi akiwatumia ndugu zake video. Niliposoma ile habari nilikumbuka yule dada wa Kisii na zipu yake mpaka kidevuni. Nusu saa ya barabara ya barafu baada ya masaa 17. Alifika, alinitumia voice note, "Nimefika, nalala." Lakini kufika kwake hakukupangwa na mtu yeyote, ilitokea tu.

Na gharama nyingine hata hazitajwi. Theluji ikianguka sana Minneapolis inatangaza dharura, siku tatu za kanuni za kupaki, usiku wa kwanza usipaki kwenye barabara kubwa zilizowekewa alama, kesho yake usipaki upande wa nyumba zenye namba shufwa, keshokutwa upande wa witiri. Utaratibu mzuri kabisa kwa mtu aliyelala kwake. Sasa wewe uko kwenye shifti umefungiwa ndani na watu wanne usioweza kuwaacha, gari liko upande wa shufwa na saa 2 asubuhi imefika. Nilishawahi kutoka dabo, yaani shifti mbili mfululizo, nikakuta pengo tu pale nilipoliacha. Tiketi, kuvutwa, na teksi ya kwenda kulikomboa, ilikula karibu yote niliyopata kwa dabo lenyewe. Nikampigia mke wangu kumweleza, na unajua nilimalizia na sentensi gani.

Ndo maana inaniuma kuona watu wetu wanaacha hata kile kidogo kilichowekwa mezani. Tangu tarehe mosi Januari 2024 Minnesota ina sheria ya likizo ya ugonjwa na usalama, karibu kila mfanyakazi anajiwekea saa moja ya kulipwa kwa kila saa 30 alizofanya kazi, mpaka saa 48 kwa mwaka, awe wa muda wote, awe wa muda mfupi. Na siyo ya homa tu. Mahali pako pa kazi pakifungwa kwa hali ya hewa zinatumika. Shule ya mtoto ikifungwa kwa baridi zinatumika, na kila mzazi wa huku anajua ile simu ya saa 11 alfajiri ya shule kufungwa na ugomvi wa nyumbani unaofuata wa nani abaki. Hazisemi kwamba ukiogopa barabara tu unabaki, hapana, hapo bado uko mwenyewe. Lakini ni pesa yako, imeandikwa, ni hesabu wala siyo hisani. Nikiwauliza watu kwenye vikao una saa ngapi hapo, wengi hawajui. Wengine wanajua lakini hawataki kuzigusa, "nisije nikaonekana." Dada mmoja aliniambia yeye anaziacha ili bosi aone ana moyo. Dada yangu, ule mfumo wa mishahara uko kwenye kompyuta, hakuna anayeangalia moyo humo.

Mimi nachosema ni kimoja tu: mshukuru Mungu kwa kazi, mshukuru jirani Msomali kwa waya zake, mshukuru aliyekupokea shifti. Bosi siku ya dhoruba mlipane, na kama kuna asante basi ianzie upande wake. Najua kuna watakaosema rahisi kuandika, mwenye viza ya mashaka au anayesubiri makaratasi hawezi kunyanyua sauti. Kweli kabisa, nami nilikuwa huyo kwa muda mrefu na nilinyamaza. Ila wengi wetu makaratasi yalishapita zamani, uraia tumeapa na picha na bendera tumepost, na bado tunaongea na meneja kama tuko foleni ya Uwanja wa Taifa.

Nilikuwa sijamtaja mzee. Kwenye ile nyumba kulikuwa na mzee mmoja, ametangulia mbele za haki sasa, mambo yake mengine nayaficha, ila alikuwa mtu wa posta mstaafu, alipeleka barua vijijini kaskazini miaka zaidi ya 30. Siku ile nilipomwamsha kumwambia kuna baridi ya kihistoria alinicheka. Akasema hii siyo baridi, baridi ilikuwa Februari 1996. Nikadhani ni maneno ya wazee, baadaye nikaangalia, kumbe kweli, tarehe 2 ya mwezi huo mji wa Tower ulifika 60 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, yaani nyuzi 51 za kwetu, rekodi ya jimbo mpaka leo, na gavana akafunga shule zote. Kisha TV ikatangaza kwamba posta ya Marekani imesimamisha kupeleka barua Minnesota na majimbo kadhaa ya jirani. Mzee akaniambia nizime, wanaongopa. Akaomba nimsogeze dirishani. Akakaa pale na blanketi magotini analiangalia sanduku la barua limefunikwa theluji, mpaka mchana, chakula nikamlishia hapo hapo, na sanduku halikufunguliwa.

Siku barua ziliporudi tulimsikia jamaa wa posta kabla hatujamuona, krii, krii, kwenye ngazi. Mzee akanilazimisha nimsukume mpaka mlangoni na nifungue, joto lote linatoka. Nilidhani anataka kumgombeza. Yule jamaa, kijana tu, ndevu zina barafu, akampa gazeti lake na bahasha mbili. Mzee hakuziangalia. Akamuuliza, ile siku waliyowakalisha nyumbani, walikulipa? Kijana akacheka, akasema inabidi aulize chama chao. "Uliza," mzee akasema, "uliza leo." Nikafunga mlango. Nikaanza kumgeuza kiti kurudi sebuleni, naye akanishika mkono wa shati akanitazama. "Na wewe je?"